Akili unde ikibadili mistari mitatu, wewe andika sababu

Ninatunza mfumo wa malipo ya ada za shule. Marekebisho mengi madogo siku hizi yanaandikwa na akili unde kwa maelekezo yangu. Msimbo (maandishi ya programu) unakuja haraka, lakini sababu yake haiji nao.

Anza kwa kutenganisha mabadiliko. Ukiiomba irekebishe namba za simu, mara nyingi itagusa na mistari ya jirani. Katika Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, tumia `git add -p`, pitia kipande kimoja kimoja, uchukue ulichokiomba tu.

Halafu ujumbe wa komiti, yaani maelezo yanayohifadhiwa pamoja na mabadiliko. Usikubali "Imeboresha namba za simu". Mabadiliko yenyewe yanaonyesha hilo tayari. Mimi ningeandika hivi:

> Badili 0 ya mwanzo ya simu kuwa 255
>
> Wazazi huandika 0712…, mfumo wa malipo unapokea 255712… tu. Bila hili ombi hukataliwa. Zenye +255 zinaondolewa alama ya kujumlisha. Namba za nje ya Tanzania hazijaguswa.
>
> Imeandikwa na akili unde, nimeisoma na kuijaribu.

Kichwa, yaani mstari wa kwanza wa ujumbe, kisizidi herufi 50 hivi, kisha mstari mtupu. Sentensi ya thamani kuliko zote ni ile ya kisichoguswa, kwa sababu mara nyingi akili unde haisemi mipaka ya kazi yake usipoiuliza. Iulize, kisha hakikisha kwa macho yako.

Ukinakili maelekezo uliyoipa, ondoa kwanza namba halisi za wazazi. Historia ya Git si rahisi kuifuta.