Kuanza Kazi Mpya Lamu Ukiwa Ungali Kwenye Matibabu

Siku niliyopigiwa simu kuambiwa nianze kazi ya stoo katika hoteli moja ya Shela, kadi yangu ya kliniki ya kisukari ilikuwa na tarehe ya Jumatano ya wiki iyo hiyo. Nilinyamaza. Niliona haya kumwambia mtu aliyenipokea kazini Jumatatu kwamba kesho kutwa nataka ruhusa ya asubuhi, nikaamua kliniki ingoje mwezi mwingine. Wiki ya pili, jahazi la mizigo lilifika alfajiri pamoja na maji kujaa, nami nilikuwa nimekwisha kujidunga insulini lakini sijatia kitu kinywani. Kwenye kreti ya tatu jasho jembamba la baridi lilinitoka, mikono ikatetemeka, na maneno yakawa hayaji. Aliyeniokoa ni mzee mmoja mpakuzi, ambaye mkewe ana maradhi hayo hayo: alinikalisha chini, akanifungulia soda, akasimama juu yangu mpaka nikaimaliza. Dozi niliyokuwa nikitumia ilipangwa kwa mtu anayekaa dukani akiuza. Kubeba mizigo hula sukari mwilini kwa haraka zaidi. Daktari angeliona jambo hilo Jumatano ile niliyoikwepa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza hufanyika kabla hujatia saini popote, nayo ni kwenda kliniki na habari za kazi yenyewe. Mweleze daktari au muuguzi utakuwa ukifanya nini, saa ngapi unaanza, kama kuna zamu za usiku, kama utasimama kutwa au utabeba vitu vizito, na utakula saa ngapi. Kisha umwombe akutenganishie tarehe zisizosogezwa na zile zinazoweza kusogezwa, kwa sababu matibabu hayalingani. Anayesafishwa figo kwa mashine, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki na saa 4 hivi kila mara, hawezi kuahirisha hata siku moja kwa hiari yake. Anayetibiwa kifua kikuu ana miezi isiyopungua 6 kwa matibabu ya kawaida, na dawa zake ni za kila siku bila kuruka, japokuwa kwa wengi hatari ya kuambukiza wenzake hupungua sana baada ya wiki 2 hivi za dawa zinazofanya kazi vizuri. Mwenye presha iliyotulia, akiwa na vidonge vya kutosha, huenda akaruhusiwa kusogeza kipimo chake kwa siku chache. Na upasuaji usio wa dharura mara nyingi huweza kupangwa upya. Hapa kwetu, ikiwa kazi ni ya hoteli na daktari ameridhia kungoja, mwombe aupange kwenye mvua za masika, Mei au Juni, wakati wageni ni haba na hoteli nyingi zimefunga au zimepunguza watu.

Katika hesabu hiyo usisahau safari. Mtu wa Amu, yaani Lamu mjini, anayehudhuria hospitali ya King Fahd anaweza kumaliza shughuli zake asubuhi moja, lakini mtu wa Faza, Kiunga au Kizingitini anategemea boti, na boti inategemea bahari. Kusi ikivuma kwa nguvu, saa moja huwa mbili, na kuna siku ambazo nahodha mwenye akili hatoki kabisa. Ukiwa umepewa rufaa kwenda Mombasa, usimwambie mwajiri kwamba unataka siku moja. Siku ya kwanza utavuka hadi Mokowe na kupanda basi, siku ya pili utaonwa, na siku ya tatu utarudi. Omba siku 3 tangu mwanzo, kwa maana anayeomba moja akarudi baada ya tatu huonekana mwongo hata kama hakutaka kudanganya.

Hatua ya pili ndiyo iliyonitia hofu, na ndiyo ninayotaka kuikalia zaidi. Mwajiri anahitaji kujua tarehe; ugonjwa ni siri yako mpaka wewe mwenyewe uamue kuufunua. Wengi wetu huvichanganya viwili hivyo: ama tunaficha vyote, ama tunamwaga vyote, tukieleza mpaka habari za maabara mbele ya meneja aliyetaka kujua tu nani atafungua stoo Jumatano. Wakati mzuri wa kusema ni baada ya kupewa ofa na kabla ya kutia saini, ana kwa ana, kwa maneno machache yaliyotayarishwa. Mimi kwa kazi yangu ya pili nilisema hivi: «Bwana meneja, nashukuru kwa nafasi hii na niko tayari kuanza tarehe mosi. Nina miadi ya hospitali kila mwezi, siku ya Jumatano, ambayo siwezi kuiacha. Naomba ofu yangu ya wiki iwe Jumatano, nami nitafanya kazi siku nyingine zote, Jumapili ikiwemo.» Aliuliza swali moja tu, kama ningeweza kubeba mizigo, nikamjibu kwamba naweza madhali nimekula. Basi.

Ombi hilo la ofu halikutoka hewani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi siku moja ya mapumziko, kwa uchache, katika kila siku 7. Kwa kuwa kliniki nyingi za maradhi ya kudumu zina siku yake maalumu ya wiki, ukifanikiwa kuzipatanisha siku hizi mbili umemaliza nusu ya taabu bila kumpunguzia mwajiri hata saa moja. Faida hiyo ni kubwa zaidi mwanzoni, maana likizo ya ugonjwa kisheria huanza baada ya miezi 2 mfululizo ya kazi: siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, tena kwa kuonyesha cheti cha mganga aliyehitimu. Likizo ya mwaka, siku 21 za kazi, huhesabiwa kwa kila miezi 12. Kwa maneno mengine, miezi ile miwili ya kwanza umesimama juu ya makubaliano yako tu, na katika kipindi cha majaribio mkataba waweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 7. Ndiyo maana nasisitiza mlilokubaliana liandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu unaosema, «Kama tulivyozungumza leo, ofu yangu itakuwa Jumatano.»

Kuna mahali ambapo afya yako itaulizwa kwa haki. Anayeshika chakula, awe mpishi au mhudumu wa meza, hutakiwa kuwa na cheti cha afya kinachofanywa upya kila baada ya miezi 6. Kipimo cha virusi vya UKIMWI ni jambo jingine: sheria ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi, na Sheria ya Ajira inakataza kumbagua mtu kwa hali yake hiyo au kwa ulemavu. Ukiambiwa ulete majibu ya kipimo hicho, una haki ya kukataa kwa adabu.

Kwa upande wa bima, tangu Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya taifa, imeacha nafasi yake kwa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mwajiri hukata asilimia 2.75 ya mshahara wako, kwa hiyo mwenye shilingi 40,000 hukatwa 1,100. Hakikisha kwa *147# kwamba umesajiliwa, mwonyeshe karani namba yako, na baada ya mshahara wa kwanza uulize kama fedha zimefika, kwani kukatwa na kulipiwa si kitu kimoja. Vibarua wa kulipwa kwa siku, nao ni wengi kwenye ujenzi na hotelini, wasikae wakidhani bosi amewalipia. Naye kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo kwa mwajiri mmoja asikubali kirahisi kwamba hana haki yoyote, kwa sababu sheria inaruhusu ajira yake ihesabiwe kuwa ya kudumu zaidi.

Yaliyobaki ni ya dawa zenyewe kazini. Chagua mwenzako mmoja unayemwamini umwonyeshe dalili za hatari na la kufanya. Kwangu mimi, vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida, kisha kungoja dakika 15 na kupima tena. Nikianguka nisijitambue, asinimiminie kitu mdomoni, aite msaada. Joto la Februari na Machi hupita nyuzi 30, kiwango ambacho insulini iliyofunguliwa haifai kukizidi, nayo kwa aina nyingi hudumu wiki 4 hivi. Usikubali kuiweka kwenye friza pamoja na samaki, maana ikiganda imeharibika. Mimi ninatumia mtungi mdogo wa udongo uliokaa ndani ya sufuria ya mchanga uliotiwa maji, kwenye kivuli kinachopata upepo, na dawa imo ndani ya kopo lililofungwa vizuri. Mchanga nautia maji asubuhi na jioni, kama bibi zetu walivyopoza maji ya kunywa.

Na Ramadhani, katika mji kama huu ambapo zamu zote hubadilika, inataka mazungumzo ya mapema. Nenda kliniki katika Shaaban, usingoje mwezi uandame, ili daktari akuambie kama unaweza kufunga na dozi za futari na daku ziwe vipi. Akikukataza, ruhusa ya mgonjwa imo katika Qur'ani yenyewe, Sura ya Al-Baqara, aya ya 184, na wala huna haja ya kujificha nyuma ya stoo ukinywa maji.

Siku hizi siondoki dirisha la kliniki kabla sijaandikiwa tarehe inayofuata. Naipiga picha kadi, na jioni ile ile namtumia meneja tarehe hiyo peke yake, bila neno jingine, naye huiandika kwa kalamu nyekundu kwenye jedwali la zamu lililobandikwa mlangoni mwa stoo.