Kabati la nguo la milango minne: mambo ya kuzingatia kabla ya kushika msumeno

Stuli au meza ndogo unaweza kuianza kwa hamu tu, kasoro ukazirekebisha huku kazi ikiendelea. Kabati la nguo la milango minne halina uvumilivu huo, kwa sababu makosa yake mengi hufanyika kabla ubao haujakatwa.

Tepu ianzie chumbani, si kwenye duka la mbao. Pima ukuta, kimo hadi darini, kisha njia nzima ya kuingilia: mlango, kona ya korido, ngazi kama unakaa ghorofani. Tazama soketi na swichi zitakazofunikwa, na kama milango ya kabati itafunguka bila kugonga kitanda. Halafu piga hesabu moja ambayo wengi huiruka. Kabati huungwa likiwa limelala sakafuni, ndipo likasimamishwa, na wakati wa kuinuka kona yake hupanda juu kuliko kimo chenyewe. Lenye kimo cha sentimita 240 na kina cha 60 linahitaji karibu 248. Dari ikiwa 245, litakwama limeinama huku jipsamu inachubuka. Dawa yake ni kutengeneza kitako cha sentimita 10 peke yake na sanduku la 220 peke yake: sanduku linainuka ndani ya 229, kisha linapandishwa juu ya kitako kilichokwisha kusawazishwa kwa pimamaji. Mimi ningegawa na upana pia, makabati mawili ya milango miwili miwili yanayofungwa pamoja kwa boliti. Mpangaji hajui atahama lini.

Kinachofuata ni nguo zenyewe. Hanga ina upana wa sentimita 45 hivi, kwa hiyo kina cha ndani kikipungua 55 mabega ya koti yatasugua mlango. Kanzu na magauni marefu yatataka karibu mita moja na nusu ya kuning'inia. Mashati yanaridhika na mita moja. Vitenge na doti za kanga hukunjwa, hivyo vinahitaji shelfu nyingi zilizokaribiana, si bomba la kutundikia. Shelfu ya unene wa milimita 18 ikizidi sentimita 80 bila mhimili itapinda, hasa kwa mablanketi.

Hapo ndipo mchoro unapokutana na mfuko. Shiti ya plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ina milimita 2440 kwa 1220. Ukichagua kina cha sentimita 60, shiti moja inatoa vipande viwili virefu na msumeno unapata njia yake. Ukichagua 62 kwa sababu tu imependeza machoni, unapata kimoja, na karibu nusu ya shiti inabaki makapi. Chora kila shiti kwenye karatasi na mikato yake kabla ya kwenda dukani. Tafuta na mtu wa kukusaidia kubeba, maana MDF ya milimita 18 hufika kilo 40 hivi.

Kuhusu malighafi, MDF hupendeza ikipakwa rangi, lakini nyumba inayodekiwa kwa maji kila asubuhi itaivimbisha kuanzia chini. Kitako kiwe cha mbao, hata kama mengine ni shiti. Mninga hautulii kwa bei ila hutulia kwa umbo, hauchezi sana. Msonobari wa Mufindi ni rahisi kupata na rahisi kuranda, mradi umekauka. Ukiununua mbichi utapinda ukiwa tayari mlango. Ubao mzito kupita kiasi kwa saizi yake, wenye ubaridi mkononi, bado una maji. Wenye vitundu vinavyodondosha unga umebunguliwa, hata kwa punguzo usiuchukue. Mbao zikifika nyumbani zipange kivulini na vijiti katikati yake, zizoee hewa kwa wiki kadhaa. Na kumbuka kwamba ubao wa inchi moja ukisharandwa haubaki inchi moja; vipimo vifuate unene halisi.

Bawaba, vitasa na reli za droo vinunuliwe kabla ya kukata, si baada. Reli za pembeni huchukua karibu milimita 13 kila upande, kwa hiyo sanduku la droo lipungue milimita 26 kwenye nafasi yake. Mlango wa mita mbili na ushee usiubebeshe bawaba mbili, weka nne. Kama milango ni ya fremu na paneli za mbao, paneli isipakwe gundi. Iache icheze ndani ya mfereji wake, vinginevyo itapasuka unyevu wa hewa ukibadilika.

Eneo la kazi liwe pana kuliko kabati na lenye hewa, kwani vanishi na thina huwaka haraka, na vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Barakoa ni lazima.

Mwisho, amua mapema litashikiliwaje ukutani. Droo zikivutwa zote na mtoto akazipanda, kabati linaanguka mbele. Acha nafasi ya sentimita mbili au tatu nyuma kwa hewa, hasa miji ya pwani ambako ukuta huota ukungu, na panga vipande vya kuziba nafasi hiyo mahali skrubu zitakapopita.