Namna ya Kujadili Ubora wa Tamthilia na Watazamaji Wenzako Mtandaoni

Ubishi kuhusu tamthilia hukwama mapema pale ambapo kila mmoja anahukumu kitu chake: huyu anazungumzia hadithi, yule uigizaji, na wa tatu amekerwa na picha tu. Kwa hiyo, kabla hujaandika kwamba kipindi ni kibovu, taja kwanza ni kipi hasa kilichoharibika ndani yake. Nitatumia mfano wa msimu wa nane na wa mwisho wa tamthilia ya Kimarekani ya Game of Thrones, uliorushwa na kituo cha HBO kuanzia tarehe 14 Aprili hadi tarehe 19 Mei 2019, kwa kuwa ubishi wake haujapoa na karibu kila kosa la wabishi lilijitokeza humo. Ambaye hajautazama na bado ana nia ya kuutazama asiendelee kusoma, maana mambo makubwa yatatajwa.

Chukua sehemu (yaani episodi) ya tatu ya msimu huo, yenye vita vya usiku dhidi ya jeshi la wafu. Mara tu ilipoonyeshwa, watazamaji walilalamika kwamba giza limezidi na hawamtambui nani anampiga nani. Mpiga picha wake, Fabian Wagner, alijibu kwamba giza lile lilikusudiwa na kwamba watu wengi hawajui kurekebisha televisheni zao ipasavyo. Hapo pana maswali mawili ambayo watu waliyachanganya: kama uamuzi wa kupiga picha gizani uliifaa hadithi, na kama picha yenyewe ilimfikia mtazamaji ikiwa nzima baada ya kubanwa ili ipite kwenye satelaiti au intaneti. Mtu aliyetazama kwa simu mchana, huku akibania bando, ana haki ya kusema hakuona kitu, lakini hana ushahidi wa kutosha wa kusema mwongozaji hajui kazi. Taja basi ulitazama kwa kifaa gani. Mimi naona jibu la Wagner lilikuwa na nusu ya ukweli, kwa sababu anayetengeneza kipindi cha televisheni anajua kwamba kitatazamwa sebuleni, taa zikiwa zimewashwa.

Sehemu ya tano inafundisha zaidi. Daenerys Targaryen, malkia anayewania kiti cha ufalme, akiwa juu ya joka wake, anasikia kengele za kusalimu amri, kisha anauteketeza mji mkuu, King's Landing, pamoja na raia wake. Upande mmoja ulisema kwamba mageuzi hayo hayakuandaliwa, upande wa pili ukajibu kwamba dalili zilikuwepo tangu zamani, na kauli hizo mbili zikarudiwa bila mtu kusogea hata hatua moja. Dawa yake ni kuleta matukio. Anayetetea aseme kwamba katika msimu wa kwanza Daenerys alimtazama kaka yake akimiminiwa dhahabu iliyoyeyushwa kichwani, wala hakutikisika. Kwamba katika msimu wa nne aliamuru mabwana wa watumwa 163 wa mji wa Meereen wasulubiwe. Na kwamba katika msimu wa saba aliwachoma moto Randyll Tarly na mwanawe waliokataa kumpigia magoti. Anayepinga naye asiyakane matukio hayo, bali aonyeshe kwamba waliouawa walikuwa maadui au wakosaji machoni pake, ilhali watu wa King's Landing hawakuwa wamemkosea lolote, na kwamba safari ya kutoka kumchoma adui hadi kumchoma mtoto wa mtaani ndiyo iliyohitaji muda. Hapo malalamiko kwamba hadithi iliharakishwa yanapata msingi: misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, wa saba ukawa na 7 na wa nane 6, ingawa baadhi ya sehemu hizo zilikuwa ndefu kuliko kawaida. Sasa mnabishania jambo linaloweza kupimwa, na hata msipokubaliana, kila mmoja anajua mwenzake amesimama wapi.

Kikombe cha kahawa kilichosahauliwa mezani katika sehemu ya nne, ambacho HBO ilikifuta baadaye, kilichekesha, lakini hakisemi chochote kuhusu uandishi. Kiache.

Watu wataleta takwimu, nazo zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Asilimia ya wahakiki inayotolewa na Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, si wastani wa alama. Ni idadi ya walioridhika kwa kila mia, kwa hiyo kipindi ambacho kila mhakiki amekiona cha wastani mzuri kinaweza kupata 100 bila kumpendeza sana hata mmoja. Alama za IMDb, tovuti ya taarifa za filamu na vipindi, hupigwa na watazamaji wenyewe, na wenye hasira huweza kumiminika kwa pamoja. Ombi la mtandaoni la kutaka msimu ule uandikwe upya lilipata sahihi zaidi ya milioni moja, na mwaka huohuo msimu huohuo ukashinda tuzo ya televisheni ya Marekani, Emmy, ya tamthilia bora. Sahihi zile hazifuti tuzo, na tuzo haiwanyamazishi waliotia sahihi.

Linganisha pia vinavyolingana. Tamthilia ya Kenya kama Maria, iliyorushwa na Citizen TV siku za wiki, ililazimika kutoa kipindi kipya karibu kila jioni. Country Queen, iliyoingia Netflix mwaka 2022, ilikuwa na sehemu sita tu. Kuilaumu ya kwanza kwa mazungumzo yanayojirudia bila kutaja ratiba hiyo ni kumwonea mwandishi, ingawa ratiba haimsamehi mwigizaji anayesoma maneno yake kama anayetangaza matokeo ya mitihani.

Jihadhari na muda. Sehemu za Game of Thrones zilizoanza saa 3 usiku New York ziliwakuta watu wa Nairobi na Dar es Salaam saa 10 alfajiri, wengi wakiwa wamelala; aliyekesha akamwaga mtama kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kifungua kinywa aliwanyima wenzake utamu na akaupoteza mjadala wenyewe, kwa kuwa waliokasirika hawasikilizi hoja. Subirini hadi wengi watazame, au andika onyo katika mstari wa kwanza.

Mwenzako akikuletea tukio ulilolisahau, mwambie, "Ndugu, ngoja nilirudie kwanza," kisha ulitazame kabla ya kujibu. Nawe ukileta lako, andika msimu, sehemu na dakika, ili asilazimike kupekua saa nzima ya kipindi akilitafuta.