Utumbo umeziba na tumbo halina kovu: chanzo nakitafuta hivi

Tumbo limejaa, mgonjwa anatapika, hajapata choo wala kutoa upepo tangu jana. Siku nyingi chanzo hakitusumbui: utumbo umeshikamana baada ya upasuaji wa zamani, kuna ngiri, au kuna saratani. Nawaandikia madaktari na matabibu wanaompokea mgonjwa kwa ajili ya ile siku ambayo vyote vitatu havionekani.

1. Mtulize kwanza

Weka drip, mpira wa puani wa kutoa maji ya tumbo, na mpira wa mkojo. Pima potasiamu. Maumivu ya kuja na kuondoka yakigeuka kuwa ya mfululizo, mapigo yakapanda, homa ikaingia au tumbo likawa gumu, hofia kwamba utumbo unakosa damu. Muite daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo. Jina la ugonjwa litajulikana kwenye meza ya upasuaji. Na laktati (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukikosa damu ya kutosha) ya kawaida isikupumbaze, mwanzoni inaweza kuwa hivyo.

2. Uliza yasiyoulizwa

Aliwahi kuambiwa ana mawe kwenye nyongo? Alipasuliwa kupunguza unene? (Makovu ya upasuaji wa kamera ni madogo mno, tafuta kwa tochi.) Utumbo unaweza kupenya kwenye nafasi zilizoachwa na upasuaji huo na kunasa humo ndani, huku nje huoni kitu. Uliza pia kifua kikuu, kusafishwa damu kwa njia ya tumbo, kula nywele, na kwa mwanamke, maumivu yanayofuata hedhi. Kwa mtoto, fikiria minyoo mikubwa ya mviringo (Ascaris).

Kuna jibu moja linalotudanganya sana: "Juzi ilinibana, jana ikaachia." Tunafurahi, tunamruhusu. Jiwe la nyongo lililoingia kwenye utumbo hunasa, likasogea, likanasa tena mbele.

3. Mvue nguo hadi magotini

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Bibi mwembamba, amekonda, analalamika paja la ndani linauma. Nikaandika ugonjwa wa nyonga na kuendelea na tumbo lake. Kumbe utumbo ulikuwa umenasa kwenye tundu la mfupa wa nyonga, mahali ambapo ngiri haivimbi ikaonekana. Tangu hapo, kila mwanamke mzee aliyekonda na mwenye tumbo lililoziba namnyoosha mguu na kuuzungusha kwa ndani. Maumivu yakishuka kwenye paja la ndani hadi karibu na goti, na yakipungua akikunja mguu, ni dalili ya Howship na Romberg, yaani ya ngiri kwenye tundu hilo. Isipokuwepo haimwachi huru, kwa sababu wengi hawana.

Papasa pia kinena, pande zote mbili, chini ya mkunjo wa paja. Ngiri inayonasa ukingo mmoja tu wa utumbo ni ndogo, na mgonjwa anaweza kuendelea kupata choo huku sehemu ile ikioza.

4. Soma picha kwa mpangilio

Kwenye eksirei nakumbuka 3, 6, 9: utumbo mwembamba ukizidi sm 3, mpana sm 6, na sikamu (mwanzo wa utumbo mpana) sm 9, umepanuka. Kisha angalia ini. Hewa kwenye njia za nyongo, utumbo uliopanuka, na jiwe mahali lisipostahili kuwa ni utatu wa jiwe la nyongo lililoziba utumbo, alioueleza daktari wa picha Rigler mwaka 1941. Ila kama njia ya nyongo iliwahi kufunguliwa kwa kamera, hewa hiyo peke yake haina uzito.

CT (picha za mwili vipande kwa vipande) ikipatikana, usisubiri ripoti tu. Shika utumbo mpana, rudi nyuma polepole hadi pale utumbo uliosinyaa unapogeuka kuwa uliopanuka. Jiulize kuna nini pale. Pete ndani ya pete: utumbo umejiingiza ndani ya mwenzake, na kwa mtu mzima tafuta uvimbe uliouvuta. Mishipa iliyojisokota kama kimbunga: utumbo umezunguka. Vipande vya utumbo vilivyorundikana kama vimo mfukoni: ngiri ya ndani.

5. Ukifungua, usiridhike na cha kwanza

Kidole cha Meckel, kifuko kidogo kinachochomoza kwenye utumbo mwembamba, ambacho takriban watu 2 kwa 100 huzaliwa nacho, kwa kawaida kiko ndani ya sm 60 au 100 kutoka sikamu. Tembea na utumbo hadi umekipita. Na ukitoa jiwe lenye upande bapa, papasa utumbo wote kabla ya kufunga. Ubapa ule mara nyingi ni alama ya jiwe jingine lililokuwa likisuguana nalo.