Somo: Cheti cha masaji unacho. Kibali cha chumba je?

Swali ni lile lile kila siku: "Nimemaliza chuo cha masaji, naruhusiwa kufungua?" Naliweka jibu hapa lote, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Tenganisha vitu vitatu. Cheti ni cha mtu: kinathibitisha umesomea kukanda mwili. Kibali cha biashara ya masaji ni cha mmiliki na jengo. Ruhusa ya matumizi ya ardhi inahusu mahali penyewe, kwamba hapo pafanyike shughuli gani. Kimoja hakifuti kingine, na mara nyingi kila kimoja kina ofisi yake.

Hatua ya 1. Soma sheria ndogo za halmashauri utakayofungulia, si za jirani. Mfano, ndani ya London, manispaa hutoa leseni ya "tiba maalumu" chini ya sheria ya mwaka 1991, na masaji imo. Toka nje ya London ubaki Uingereza ile ile, sheria ya mwaka 1982 inayosajili wachora tattoo na watoboa ngozi haigusi masaji. Ukivuka mpaka, anza upya.

Hatua ya 2. Ruhusa ya matumizi ya ardhi, KABLA ya kusaini pango. Hapa ndipo watu wanapopotezea akiba yote. Mtu anaona mtaa wa maduka, anaona saluni mlango wa pili, analipa kodi na kuweka vitanda, kisha anaambiwa masaji hairuhusiwi pale au inahitaji idhini ya pekee. Saluni na masaji zinaweza kuwa makundi mawili tofauti kwenye sheria ndogo. Iandikie ofisi ya mipango miji: taja namba ya kiwanja, ghorofa na chumba, eleza kazi yenyewe, idadi ya vitanda na saa za kufungua. Jibu la mdomo la kaunta halitakulinda siku mkaguzi akija. Dai jibu la maandishi. Uliza pia:

- Kuna umbali unaotakiwa kutoka shule, makazi au masaji nyingine? Unapimwa kwa mstari ulionyooka au kwa njia ya miguu, na kuanzia mlangoni au mpaka wa kiwanja? Tofauti ya kipimo hicho inaweza kukutoa nje.
- Je, mpangaji aliyepita alinyang'anywa kibali? Baadhi ya sheria ndogo hulifungia jengo lenyewe kwa muda, hata mmiliki akiwa mpya.

Kwenye mkataba wa pango weka kifungu: halmashauri ikikataa kibali, mkataba unavunjika na amana inarudi. Mwenye nyumba akikataa kifungu hicho, tafuta chumba kingine.

Hatua ya 3. Mchoro wa sakafu kwa vipimo: kila chumba, kila mlango na unakofungukia, sinki, choo, stoo ya shuka. Ukijenga tofauti na mchoro, unaanza tena.

Hatua ya 4. Nakala za vyeti na vitambulisho vya kila mkandaji, hata anayekodi kitanda siku moja kwa wiki.

Hatua ya 5. Ukaguzi wa afya na zimamoto. Maji ya moto yatoke kweli, ngozi ya kitanda isiwe na mpasuko, shuka chafu ziwe na chombo chake chenye mfuniko.

Hatua ya 6. Bandika kibali panapoonekana, na andika tarehe ya kuhuisha kwenye kalenda.

MASWALI

chapchap: Mkuu, nimepitia haraka. Kwa hiyo mwenye cheti hahitaji kibali?

Jibu: Soma aya ya pili.

chapchap: Mbona rafiki yangu hana na anafanya kazi?

Jibu: Hajakaguliwa bado. Akikaguliwa, huenda akafungiwa, na rekodi hiyo ikamfuata kwenye maombi yajayo. Sitamshauri mtu yeyote njia hiyo.

Mama Shuka: Ahsante kwa somo, mwalimu. Kwa nini sisi tuliosoma tubanwe kama watuhumiwa?

Jibu: Swali zuri, dada. Sheria ndogo nyingi ziliandikwa kuwasaka wanaoficha ukahaba na usafirishaji wa watu nyuma ya neno masaji, na aliyeziandika hakumfikiria mtaalamu. Angalia California, jimbo la Marekani. Sheria ya mwaka 2008 iliwapa wenye cheti cha jimbo kinga kubwa dhidi ya masharti ya miji. Miji ikalalamika kwamba maduka yanazagaa bila kudhibitiwa. Kuanzia Januari 1, 2015 sheria mpya ikairudishia miji mamlaka ya matumizi ya ardhi, lakini kwa mipaka: mji hauruhusiwi kuliita duka la masaji burudani ya watu wazima, kulilazimisha liwe na bafu, kudai madirisha yanayomvunjia mteja faragha, wala kumwongezea mwenye cheti mtihani au vipimo vya afya juu ya vile vya jimbo. Cheti chenyewe kinadai saa 500 za mafunzo. Halmashauri yenu ikiandaa sheria ndogo, nendeni kwenye kikao cha maoni na mifano hiyo. Ombeni mambo mawili: masaji itengwe na burudani, na sifa za mkandaji zipimwe mahali pamoja tu.

Kidole Gumba: Nafanya kazi peke yangu jioni. Naweza kufunga mlango wa nje nikiwa na mteja?

Jibu: Sheria ndogo nyingi zinakataza kufunga saa za kazi, na kwa anayefanya peke yake hilo ni hatari kweli. California mji hauwezi kumkataza mmiliki mmoja asiye na msaidizi au mwenye msaidizi mmoja tu. Kwenu omba msamaha huo kwa maandishi wakati wa maombi, usingoje mkaguzi akute komeo.

Kidole Gumba: Na daftari la wateja, mkaguzi ana haki ya kulisoma?

Jibu: Weka madaftari mawili. La kwanza la zamu na risiti, hilo mkaguzi huliomba. La pili la maelezo ya afya, mfano mteja mwenye damu iliyoganda mguuni, ambaye hakandwi bila daktari kuruhusu. Hilo ni siri ya mteja. Kama halmashauri inalitaka, ionyeshe kifungu.

Mama Shuka: Zimamoto walitukagua taulo kuliko waya. Kwa nini?

Jibu: Walikuwa sahihi. Mafuta ya mimea yakibaki kwenye taulo, yakakaushwa kwa mashine na kurundikwa yangali moto, yanaendelea kujipasha yenyewe hadi taulo ziwake, hata saa kadhaa baadaye. Fua kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha, acha mashine imalize mzunguko wa kupoza, zitandaze kabla ya kukunja. Taulo inayonuka mafuta baada ya kufuliwa irudi kwenye maji, isiingie kwenye kikaushio.

chapchap: Na kitanda napuliza dawa nafuta tu?

Jibu: Sabuni kwanza kuondoa mafuta, maana dawa haipenyi utando wake. Kisha puliza, acha ngozi ibaki na unyevu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ndipo ufute.