Picha za ukutani za bei nafuu: kuzichagua, kuzinunua na kuzitundika zikae sawa

Mwongozo huu unahusu picha zinazochapwa kwa wingi, hasa seti za kanvasi za vipande vitatu kama zile za Kariakoo. Picha ya bei ya chini inaweza kupendeza sana sebuleni. Inayoharibu sura yake mara nyingi ni ukubwa usiofaa na utundikaji wa haraka.

Hatua ya 1: Pima

Pima upana wa sofa, si wa ukuta. Seti nzima, pamoja na nafasi zilizo katikati, ichukue kama theluthi mbili ya upana huo. Sofa ya sentimita 200 inataka 130 hivi: vipande vitatu vya 40 kwa 60 vikiachana sentimita 5 vinatoa 130 kamili. Ukisita kati ya saizi mbili, chukua kubwa. Picha inayoonekana kubwa dukani humezwa na ukuta wa nyumbani.

Kata magazeti matatu kwa vipimo hivyo, yabandike ukutani kwa masking tepu na uyaache siku nzima uone kama ukubwa unafaa. Usiyatupe, utayahitaji kwenye Hatua ya 4.

Hatua ya 2: Dukani

Geuza picha uangalie nyuma kabla hujasifia mbele. Iweke sakafuni: kona moja ikinyanyuka, fremu imepinda, na haitanyooka tena. Igonge kwa kidole; iliyowambwa vizuri inalia kama ngoma. Kanvasi ya pamba iliyolegea kidogo inakaza ukiinyunyizia maji machache upande wa nyuma na kuiacha ikauke, lakini ya polista haisaidiki kwa njia hiyo.

Sogea hadi sentimita 30. Ukiona vidoti au kingo zenye ukungu, faili la kompyuta lililochapwa lilikuwa dogo. Picha ya Tingatinga ya mkono unaitambua kwa kidole: rangi ya mafuta ina unene, iliyochapwa ni bapa. Ukinunua Ayatul Kursi au maandishi mengine ya Kiarabu, mtu anayejua kusoma ayapitie neno kwa neno, kwa sababu uchapaji wa wingi huweza kudondosha nukta au kugeuza picha nzima kushoto kulia.

Hatua ya 3: Ukiamua kuchapisha mwenyewe

Kila kipande cha 40 kwa 60 kinahitaji pikseli 2,362 kwa 3,543 ili kitoke kwa nukta 150 kwa inchi, na hiyo inatosha kwa ukuta. Ongeza sentimita 4 kila upande za kukunjwa kwenye fremu. Ukimtumia mchapaji kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na ubora unapotea. Jumba la makumbusho ya sanaa la Metropolitan la New York liliruhusu mwaka 2017 picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zitumike bure, na nyingi zina ukubwa wa kutosha.

Hatua ya 4: Kutundika

Hapa ndipo muda unapopotea. Vishikizo vya nyuma vya picha za kiwandani, yaani vibati vyenye meno vya kutundikia, havilingani: kimoja kiko sentimita 3 kutoka ukingo wa juu, kingine 3.5, cha tatu hakiko hata katikati. Ukitoboa matundu matatu kwenye mstari mmoja, picha zitapanda na kushuka kama ngazi.

Ndiyo maana ya magazeti. Chora kwenye kila gazeti namba ya kipande na mshale wa juu. Laza picha kifudifudi, weka gazeti juu yake upande wenye namba ukigusa picha, linganisha kingo, kisha toboa gazeti kwa msumari palipo na jino la katikati la kishikizo. Unapolibandika ukutani, namba ikutazame wewe. Ukiligeuza vinginevyo, kishikizo kilicho kushoto kitahamia kulia na nafasi za sentimita 5 zitaharibika.

Sasa kimo. Mgongo wa sofa ukiwa sentimita 85, acha 20, ukingo wa chini wa picha ukae 105 na wa juu 165. Pima kutoka sakafuni mara moja tu, katikati ya sofa, kisha vuta mstari wa penseli kwa pima maji. Magazeti yote yafuate mstari huo. Ukipima kila kipande kutoka sakafuni au darini utakosea, kwani sakafu na dari zetu ni nadra kunyooka. Anza na gazeti la katikati. Ya pembeni, katikati ya kila moja iwe sentimita 45 kutoka katikati ya hilo la kwanza.

Usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, kwa kuwa nyaya hupita wima ndani ya lipu.

Kwenye tofali la saruji, achana na msumari wa zege. Unamega lipu na tundu linakuwa kubwa kuliko kichwa chake. Tumia drili yenye biti ya milimita 6, fisha ya 6 (kiplastiki cha tunduni kinachoshika skrubu) na skrubu yenye urefu wa milimita 40. Toboa juu ya masking tepu, bila kugonga hadi upite lipu, kisha washa nyundo ya drili. Safisha vumbi ndani ya tundu, la sivyo fisha haitaingia yote. Acha kichwa cha skrubu nje milimita 4.

Gundi ya pande mbili siishauri kabisa. Joto huilegeza, na ikianguka huondoka na rangi ya ukuta.

Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, humomonyoka zikitobolewa. Huko egemeza picha kwenye kidaka, yaani kile kishubaka kilichojengwa ndani ya ukuta.

Hatua ya 5: Unyevu

Pwani, bandika vipande vya mpira vya milimita 5 kwenye kona mbili za chini, hewa ipite nyuma. Fremu za MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliobanwa, huvimba zikigusa ukuta wenye unyevu. Kila mwezi zishushe ufute nyuma: mijusi hupenda kujificha hapo, na kinyesi chao huacha madoa ukutani.