Umeumia Rigini? Usitie Saini Kwanza

Mimi ni karani wa wakili, Barabara ya Nkrumah hapa Mombasa. Vijana wanaorudi kutoka kwenye rigi za mafuta huja na swali moja: "Mama, nitalipwa ngapi?" Mimi huwauliza: ulikuwa kwenye maji ya nchi gani, na jina la nani liko kwenye mkataba wako? Bila hayo mawili hakuna wa kudaiwa.

Ukiumia, hata kama ni kidole tu kimebanwa na bomba, nenda kwa tabibu wa rigi siku hiyo hiyo, ajali iandikwe. Omba nakala ya ripoti. Wakikunyima, andika mwenyewe tarehe, saa, mtambo uliokuumiza na majina ya walioona. Mgongo ndio unaowaponza wengi: mtu hujikaza mpaka zamu iishe, kisha anaambiwa aliumia kwao akibeba magunia.

Sasa karatasi. Kuna kijana alikuja na fomu ya Kiingereza, saini imepinda ajabu. Mkono wa kuume ulikuwa kwenye bendeji, akatia kwa kushoto, tikiti ya kurudi nyumbani iko mezani inamngoja. Fomu ilisema amelipwa vyote na hana dai tena. Kusaini kwamba umepokea mshahara ni sawa. Kusaini kwamba huna dai, kataa mpaka wakili aisome.

Kwa ajira ya Kenya kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, WIBA kama tunavyoiita. Mjulishe mwajiri mara moja. Naye ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai lako lipelekwe kabla ya miezi 12. Kwa ulemavu wa kudumu, hesabu huanzia mshahara wa miezi 96: ukipata 60,000 kwa mwezi na daktari akakadiria asilimia 10, ni kama 576,000. Hukuridhika na uamuzi wa Mkurugenzi? Una siku 60 za kupinga.

Rigi inayoelea huwa na bendera, yaani nchi ilikosajiliwa. Ikiwa inahesabiwa meli chini ya Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, cheti cha bima ya fidia hubandikwa mahali pa wazi. Kipige picha ungali mzima, maana jina la bima liko pale.

Wengine huniulizia Sheria ya Jones ya Marekani, ya 1920. Ipo, na baharia huitumia kumshtaki mwajiri mzembe. Lakini Mkenya asiye mkaazi wa Marekani, akiumia kwenye kazi ya mafuta katika maji ya nchi nyingine, kwa kawaida hana njia huko, ila akikosa pa kudai alikoumia na kwao pia. Anayekuahidi mamilioni ya Houston, mji wa mafuta huko Marekani, kabla hajauona mkataba wako, muage.

Ukija ofisini leta mkataba, pasipoti yenye mihuri, hati za mshahara, karatasi za hospitali na risiti ya wakala aliyekupeleka. Picha za kidonda zichapishe. Simu hupotea kwenye feri.